Mcheza Kwao Hutuzwa, Je, Hulipwa?

Jua linapokuchwa katika ufuko wa Ushongo, kusini ya Mto Pangani, si ajabu kusikia ngoma. Wageni waliovuka kutoka Unguja kwa boti au kwa ndege ndogo, pamoja na wale walioteremka kwa barabara kutoka Tanga, huketi mchangani mbele ya hoteli, na watu wa vijiji vya jirani huwapigia, huwaimbia na kuwachezea. Mchezo ukiisha, bakuli hupitishwa, au kofia. Apendaye hutia noti. Asiyependa huelekeza macho baharini. Aghalabu kilichomo katika bakuli hilo ndicho ujira wote wa jioni ile.

Hali hiyo si ya Ushongo peke yake. Ndugu zetu wa Unguja wanaijua Forodhani, Nungwi na Paje, nasi wa Tanga twaikuta sokoni, katika vituo vya mabasi na milangoni mwa mikahawa. Tumependa kuanzia Ushongo kwa sababu huko mambo ni machache na yaonekana wazi. Upande mmoja yuko mwenye hoteli, ambaye ametoza chumba, chakula na safari ya kwenda kisiwa cha Maziwe, kila kitu kwa bei iliyoandikwa. Upande wa pili yuko mpiga ngoma, ambaye peke yake hana bei.

Hesabu yake ni fupi. Tuseme kundi lina watu wanane na bakuli limerudi na shilingi 40,000. Kila mtu atapata shilingi 5,000. Aliyekuja kwa pikipiki kutoka Mwera au Kipumbwi atatoa humo nauli ya kuja na ya kurudi usiku, na kundi zima litatoa fedha ya kuwamba upya ngoma iliyopasuka. Mfano huu ni wetu, lakini yeyote aliyepata kugawana fedha za bakuli ataona kuwa hatukuutia chumvi.

Mwenye kualika akiulizwa kwa nini hakupatana na wapigaji kabla ya mchezo, jibu lake halichelewi. Husema kwamba watu hawa wana kipaji, kwamba ngoma imo katika damu yao, na kwamba wangepiga hata kama mgeni hayupo. Sura ya jibu hilo ni sifa, lakini kazi yake ni nyingine. Mpishi wa hoteli hakuambiwa kuwa kupika kumo katika damu yake na kwa hiyo angojee bakuli. Nahodha wa boti hakuambiwa hivyo. Ni mpiga muziki tu ambaye sifa yake hugeuzwa kuwa hoja ya kumnyima, kana kwamba kilichotolewa bure na Mwenyezi Mungu chaweza kuchukuliwa bure na mwanadamu. Kwa sababu hiyo lile swali la barazani, kama ustadi wa muziki ni kipaji au ni mazoezi, si la kupotezea wakati. Lina shilingi ndani yake, na ndiyo maana tunaliandika mbele ya wakubwa wa wilaya na wa mikoa, wa bara na wa visiwani.

Lugha yetu imeyaweka mambo yote mawili. Tunasema kipawa, yaani kitu ambacho mtu amepawa, na mwenye kupawa hakutoa thamani yoyote. Lakini tunamwita mpigaji hodari fundi pia, neno lililo jirani ya kufunda na kufundisha, na fundi ni mtu aliyekaa miguuni pa mwingine akafundwa. Wahenga hawakuona ubishi hapo. Ubishi umekuja na bakuli.

Mtu atazame zumari. Mpigaji aliyekomaa huipuliza muda mrefu bila sauti kukatika, kwa kuwa anavuta hewa kwa pua huku mashavu yakiendelea kuisukuma ile iliyomo kinywani. Hakuna mtoto aliyezaliwa akiweza hivyo. Hujifunza kwa miezi na miezi, mashavu yakimuuma na majirani wakimnung'unikia. Ndivyo ilivyo kwa ngoma: kujua ngozi ipi yataka moto na ipi yataka kuachwa, na kuushika mdundo wako bila kuyumba wakati ngoma ya jirani yakuvuta kwingine. Marehemu Morris Nyunyusa alikuwa kipofu, na midundo ya ngoma zake ilitangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania kwa miaka mingi, hata watoto wa nchi hii wakaijua kabla ya kujua kusoma. Ni rahisi kusema kuwa Mungu alimnyima macho akampa mikono. Lakini mtu mmoja kupiga ngoma nyingi kwa wakati mmoja, kila moja kwa sauti yake na mahali pake, bila kuziona, ni jambo la miaka. Tunamwondolea heshima yake tunapoifuta miaka hiyo kwa neno moja la kipaji.

Wataalamu wa mambo ya nafsi nao wamelipima jambo hili. Mwaka 1993 Anders Ericsson na wenzake walitangaza uchunguzi wao juu ya wanafunzi wa fidla katika mji wa Berlin. Waliohesabiwa kuwa bora walikuwa, kufikia umri wa miaka 20, wamefanya mazoezi ya peke yao kwa wastani wa saa zaidi ya 10,000. Waliokuwa wakijiandaa kuwa walimu wa muziki hawakufika hata nusu ya hapo. Anayefanya mazoezi saa 3 kila siku, Ijumaa na Jumapili, mvua na kiangazi, itamchukua zaidi ya miaka 9 kuzikamilisha saa hizo. Wengi wakashangilia, wakasema kipaji hakipo.

Walishangilia mapema mno. Mwaka 2014 ulitoka uchunguzi wa Uswidi uliofanywa kwa mapacha zaidi ya 10,000. Ulionyesha kwamba mapacha wa kufanana kabisa, mmoja wao akiwa amefanya mazoezi mengi kuliko mwenziwe, hawakupitana katika kupambanua sauti, lahani na mdundo. Zaidi ya hayo, hata ile hamu ya kufanya mazoezi ilionekana kuwa, kwa sehemu kubwa, ni jambo la kurithi.

Sisi hatuoni kuwa chunguzi hizo mbili zinagombana kama inavyodaiwa. Uswidi walipima sikio. Hawakumsimamisha mtu mchangani saa mbili apige zumari mbele ya wageni. Sikio huenda likawa kipawa. Mkono, pumzi na kumbukumbu ni ufundi, na mgeni wa Ushongo hasikilizi sikio la mpigaji bali anasikiliza mkono wake. Na hata kama hamu ya mazoezi yarithiwa, jasho lake halirithiwi. Mkulima aliyerithi mabega mapana ya baba yake hauzi mahindi yake kwa nusu ya bei kwa sababu hiyo.

Historia ya visiwa yatufundisha jambo lile lile, na viongozi wa zamani walilielewa pengine kuliko wa leo. Inasimuliwa kwamba Seyyid Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, alipotaka muziki mzuri katika jumba lake hakungoja mwenye kipaji azaliwe. Alimpeleka mtu Misri, kwa gharama ya jumba, akajifunze kanuni na kuimba, kisha arudi awafundishe wengine. Mwaka 1905 ikaundwa Ikhwani Safaa, chama ambacho wanachama wake walikutana kujifunza ala kabla ya kujionyesha kwa watu.

Kisha akaja Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, akawa mchuuzi wa vyungu, akivinadi njiani kwa sauti ambayo watu waliisikia kabla ya kumwona. Huyo ndiye hasa mwanamuziki wa mitaani, ingawa bidhaa yake ilikuwa vyungu na sauti ilikuwa ya kuviuzia tu. Kama kipaji kingetosha, angekufa mwuza vyungu mwenye sauti tamu. Alihamia mjini, akakutana na watu waliojua muziki, nao wakamfundisha kuimba na kuongozana na ala. Hakujua kusoma, nyimbo za Kiarabu alizishika kwa kusikiliza na kurudia. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kutia sauti yake katika sahani za santuri, na sahani hizo zikaenea Afrika Mashariki yote. Marehemu Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga, aliona maisha hayo yastahili kitabu, akaandika wasifu wake. Laiti angekaa mjini bila mwalimu, kitabu hicho kisingekuwapo.

Hapa Tanga tunayo hesabu yetu, na si ya kujivunia. Ndugu wawili, Wilson na George Peter Kinyonga, walikuwa katika Jamhuri Jazz, bendi iliyoanza kama Young Nyamwezi miongoni mwa watu waliokuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Walitoka Tanga wakaenda Arusha, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakavuka hadi Mombasa na baadaye Nairobi, ambako bendi yao ya Simba Wanyika ilivuma kwa zaidi ya miaka 20, na matawi yake yakavuma pia. Watu wakiwataja ndugu hao husema bila shaka ni damu. Labda. Lakini damu ile ile ilikuwa Tanga na haikuondoka kwa kuchoka na Tanga. Iliondoka kufuata mahali palipokuwa na kampuni za sahani na kumbi zenye kulipa. Shakila Saidi, mwenyeji wa Pangani, aliyejulikana kwa Black Star ya Tanga kabla ya kujiunga na kundi la taarabu la Jeshi la Wananchi, alifariki dunia Agosti 2016. Hatudhani yuko mtu wa pwani hii asiyeijua sauti yake. Ni wangapi wanaoweza kusema sauti hiyo ilimletea nini nyumbani?

Yupo atakayetuambia: basi mwacheni msikilizaji aamue, mpigaji akiwa hodari bakuli litajaa. Hoja hiyo ilijaribiwa mahali ambapo watu wana fedha kuliko sisi. Tarehe 12 Januari 2007 mpiga fidla mashuhuri wa Marekani, Joshua Bell, alisimama katika kituo cha treni za chini ya ardhi mjini Washington, amevaa kofia ya kawaida, akapiga kwa dakika 43. Fidla yake ilikuwa ya mwaka 1713, kazi ya Stradivari, ya thamani ya mamilioni ya dola. Gazeti la Washington Post ndilo lililopanga jaribio hilo. Watu 1,097 walipita. Waliosimama kusikiliza walikuwa 7. Fedha zilizokusanywa zilikuwa dola 32 na senti 17, ukiondoa dola 20 za mtu mmoja aliyemtambua. Siku chache nyuma, katika ukumbi wa Boston, kiti kizuri cha kumsikiliza mtu huyo huyo kilikuwa kama dola 100.

Mkono ulikuwa ule ule, na mazoezi yake, aliyoyaanza utotoni, yalikuwa yale yale. Kilichobadilika ni mlango uliokuwa na tiketi. Bakuli halipimi ufundi. Lapima haraka za wapitaji, na pale Ushongo lapima kama mgeni amebakiwa na noti ndogo mfukoni. Afisa anayesema kuwa wapigaji wetu hupata kidogo kwa kuwa si hodari, na aifikirie ile dola 32.

Wazee walisema mcheza kwao hutuzwa, nasi hatulipingi neno lao. Tunachosema ni kwamba limehamishwa mahali pake. Katika taarabu ya harusi, mama ainukapo na kwenda kumtunza mwimbaji, anamtunza mtu anayemjua, mbele ya watu wanaowajua wote wawili, na kesho huenda mwimbaji akawa mgeni katika karamu yake. Lakini mwenye harusi amekwisha kupatana na kundi na kutoa fedha ya kazi. Tuzo ni nyongeza juu ya ujira, nayo ni heshima. Hotelini ujira umeondolewa chini yake, ikabaki nyongeza peke yake, tena kutoka kwa mtu wa usiku mmoja ambaye si wa kwao. Kuiita hiyo mila yetu ni kututania.

Nchi hii iliwahi kulitambua jambo hili vizuri. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi cha NUTA kiliunda bendi yake, na wapigaji wake wakawa waajiriwa wenye mshahara wa kila mwezi. Jeshi, Polisi, Magereza na baadhi ya mashirika ya umma yakafanya vivyo hivyo. Mpango huo ulikuwa na kasoro: ala zilikuwa mali ya shirika, na mpigaji aliyeondoka aliondoka mikono mitupu. Hata hivyo ulikuwa na jambo moja kubwa ambalo halijapata badala. Saa za mazoezi zilikuwa saa za kazi. Mtu alilipwa kwa kujinoa, si kwa usiku wa onyesho tu, na twaamini hiyo ni sababu mojawapo ya muziki wa miaka ile kuendelea kupigwa mpaka leo. Mashirika yalipodhoofika, mpango ukadhoofika nayo.

Tutajibiwa kuwa sasa zipo sheria za hakimiliki. Ni kweli. Ile ya 1966 iliondolewa na Sheria Na. 7 ya 1999, na Zanzibar ina yake ya 2003. Zinamfaa mtunzi ambaye kazi yake yapigwa redioni, na tunaomba zitekelezwe kwa nguvu zaidi. Lakini ngoma inayopigwa Ushongo haina mtunzi mmoja. Ni ya mababu. Mpigaji wake hana cha kuandikisha. Alichonacho ni mkono wake, na mkono hulipwa kwa kazi ya siku.

Kwa hiyo twashauri hivi. Mwenye hoteli anayealika kundi apatane nalo bei ya jioni kabla ya mchezo, kwa maandishi japo ya mistari mitatu, na bei hiyo iwemo katika gharama zake kama umeme na mkate ulivyomo. Bakuli libaki, lirudi kuwa tuzo. Afisa Utamaduni wa Wilaya awe na orodha ya makundi, awe shahidi wa mapatano, na ajue njia ya kwenda Ushongo kwa siku nyingine zaidi ya siku za Mwenge. Halmashauri nazo zitazame upya sheria zao ndogo. Mwaka 2018 Serikali ilitoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, na mchuuzi akapata kinga ya kutobughudhiwa. Twauliza kama yuko afisa aliyefikiri kumwita mpiga gita wa kituo cha mabasi naye achukue chake. Kumfukuza mtu huyo kwa kosa la kukosa kibali, na usiku huo huo kuwaita wenziwe bure kumchezea mgeni wa Serikali, ni mambo mawili yasiyopatana.

Kwa upande wa visiwani yapo ya kujifunza na ya kuonya. Chuo cha muziki cha nchi za majahazi kilichoanzishwa Mji Mkongwe mwaka 2002 kimefundisha vijana wengi udi, kanuni, fidla na ngoma. Wanaosikiliza matunda yake ni pamoja na wageni wa hoteli. Hata hivyo mwishoni mwa 2019 chuo hicho kilikuwa katika hatari ya kufungwa kwa kukosa fedha. Hoteli zikijisifu kwa muziki wa Zanzibar katika matangazo yao, basi na zichangie mahali ambapo muziki huo hufanyiwa mazoezi. Hilo si sadaka. Mwenye kutaka maji huchangia kuchimba kisima.

Kuna walio na hofu, na hofu zao si za kudharauliwa. Mwenye hoteli ndogo atasema kuwa wakati wa masika hana wageni, atalipa kwa nini? Mapatano yaweza kufuata misimu. Mvuvi naye ana miezi ya upepo mbaya, wala hakuna anayemtaka atoe samaki bure wakati wa upepo mzuri. Wazazi wengine huona ngoma ya hotelini kuwa uhuni, na yapo makundi yaliyowapa sababu. Nao wapigaji wenyewe wasidhani kuwa tunawatetea bila sharti. Kundi linalokutana kwa mara ya kwanza pale mchangani, mmoja akianza huku na mwingine akimalizia kule, halina haki ya kudai bei ya kundi lililofanya mazoezi mwaka mzima. Tukisema kinacholipwa ni mazoezi, basi yawepo.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, ambapo ndipo wageni nao huanza kujaa katika pwani hii na visiwani. Tungependa kuona katika makisio ya Halmashauri ya Wilaya ya Pangani, na ya wilaya za Unguja zenye hoteli nyingi, kifungu japo kidogo cha kununulia ngozi, cha kupata banda la mazoezi, na cha kumlipa fundi mmoja wa zumari awafundishe vijana katika miezi ya masika, wakati hoteli zikiwa tupu na mchanga wa Ushongo hauna mtu.